Honi ya Kumpigia Mama

Mimi ni Serah, na mume wangu Fanuel ni mtu mzuri. Nianze na hilo, maana nikishaanza kueleza habari za gari lake mtadhani namchukia. Halewi, hagombani na watu, kanisani anaimba besi, na tangu tuje London mwaka wa tisini na moja hajatulaza njaa. Lakini kichwa chake ni kigumu, jamani! Ukikigonga kwa nyundo, nyundo ndiyo italia.

Siku tuliyoondoka nyumbani, Vihiga, mama yake alitusindikiza mpaka barabarani. Mwanawe anakwenda ng'ambo, unadhani mama atasema nini? Alisema, "Mrudi upesi." Basi, hakuongeza. Fanuel, badala ya kuitikia kwa adabu akapanda gari twende, akasimama mbele ya majirani wote akatangaza: "Mama, nitarudi na gari langu mwenyewe. Nikifika pale darajani nitapiga honi. Hata ukiwa shambani utasikia, utoke uje unipokee." Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akacheka huku akifuta macho kwa leso. Honi hiyo imenitesa miaka mingi kuliko uchungu wa kuzaa.

Tukafika London, tukapanga vyumba viwili Kilburn, juu ya duka la mtu wa kushona viatu. Mimi nikapata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, na Fanuel akapata kibarua Kingsbury, katika duka la Bhanu. Bhanu ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili anakiongea kama mimi na wewe, tena matusi yake ni ya sokoni kabisa. Nyuma ya duka lake kulikuwa na gereji za kukodi, na ndani ya moja Bhanu alikuwa anamtunzia shemeji yake Mustang nyekundu ya mwaka wa sitini na tisa, injini ya silinda nane. Shemeji alihamia Kanada akasema atalifuata gari lake. Hakulifuata. Bhanu akachoka, na alipoona jinsi Fanuel anavyolikodolea macho, akamwambia, "Nisaidie kupakua mizigo msimu huu wa baridi, halafu chukua hiyo takataka."

Takataka! Kwa Fanuel lilikuwa jambo la kutoka mbinguni. Ujanani alikuwa akijifunza ufundi kwenye gereji moja Kakamega, na ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya gari kama lile. Kalenda iliisha mwaka, wakaiacha palepale kwa sababu ya picha. Siku aliyopewa funguo alikuja nyumbani akaninyanyua juu juu sebuleni. "Serah, nimepata!" Mimi nikadhani tumepata nyumba ya halmashauri, zile za serikali za kodi nafuu.

Nikaenda kuliona. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Likiunguruma kifua kinatetemeka. Lakini nikachungulia ndani nikamwuliza, "Fanuel, usukani mbona uko upande wa abiria?"

"Ni la Marekani."

"Na nyumbani usukani uko upande gani?"

"Hayo ni mambo madogo, mama."

Mambo madogo! Akaliendesha Jumapili chache kwenda kanisani, watoto wa Kilburn wakilikimbilia, halafu akaamua kuliweka. Alisema hataki kulichosha kwa barabara za watu, ni gari la kwenda nalo nyumbani. Mwaka ujao tungelipeleka bandarini, lipande meli mpaka Mombasa, na yeye alipokee kule aliendeshe mpaka darajani.

Sasa sisi watu wa ng'ambo tuna ugonjwa wetu. Kitu kibaya tunatumia, kizuri tunaweka cha nyumbani. Fanuel akasema gari haliwezi kusafiri tupu, hiyo ni hasara. Tukanunua godoro la sponji, zuri, nene, tukalikunja tukalifunga kamba, likalala kiti cha nyuma. Yaani godoro jipya linalala ndani ya Mustang, na sisi wenyewe tunalala juu ya godoro kuukuu lenye springi inayonichoma ubavu. Nikanunua vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, vikaenda buti. Mablanketi, buti. Na koti la sufu la buluu la Mama, kwa sababu Vihiga asubuhi kuna baridi, nikalikunja vizuri nikaliweka kiti cha mbele. Watu wa kanisa waliposikia gari linakwenda nyumbani, loo! Kila mmoja na furushi lake. "Fanuel, ndugu yangu, nisaidie na hiki kidogo tu." Mmoja alileta viatu vya mpwa wake wa miaka sita. Mpwa huyo sasa ana ndevu.

Gari likajaa mpaka darini. Fanuel akafunika turubai, akatia kufuli, akasema mwaka ujao.

Mwaka ujao ukawa makaratasi ya kuishi hayajatoka. Mwaka ujao ukawa Maureen amezaliwa. Mwaka ujao ukawa kazi mpya ya Fanuel, kusafisha mabasi, hawezi kuomba likizo mapema. Makaratasi yakatoka, Maureen akaanza shule, likizo zikaja zikapita, na gari liko palepale Kingsbury chini ya turubai. Wenzetu wakawa wanapanda ndege kwenda na kurudi kama wanakwenda sokoni. Kila Krismasi nikimwambia, "Fanuel, nenda ukamwone mama yako," jibu lake ni hilohilo.

"Niende mikono mitupu? Niliahidi gari, Serah. Ahadi ni deni."

"Mama hakukuomba gari."

"Watu walisikia."

Haya, watu walisikia. Na mimi kila asubuhi napanda treni Kilburn kwenda Stanmore, napita Kingsbury nikijua nyuma ya maduka yale kuna koti la Mama linangoja meli. Nafika Stanmore nawaogesha mama za watu. Nawachana nywele, nawakata kucha, na kwa kuwa wengi ni Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, nawasikiliza habari za Kampala na Nairobi za zamani. Mmoja aliniuliza, "Mama mkwe wako yu hai? Nani anamwogesha?" Nikasema kuna watu. Nikaenda jikoni nikafungua maji kwa nguvu ili asinisikie nikilia.

Basi ikafika mwaka wa elfu mbili na nne. Victor, mdogo wake Fanuel, akapata simu ya mkononi, na siku moja akatupigia. Mama macho yameingia ukungu, haoni vizuri tena. Miguu imevimba. Anauliza Fanuel anakuja lini.

Nikasema moyoni, sasa hata mwamba utapasuka. Nikaenda kwa wakala wa tiketi, nikaulizia ndege, nikarudi nyumbani na tarehe mkononi. Nikamkuta Fanuel amevaa ovaroli.

"Unakwenda wapi?"

"Kingsbury. Nalifufua gari. Nipe mwezi mmoja tu, Serah, lipande meli, na mimi nipande ndege."

Nilipandwa na hasira. "Mama yako haoni, Fanuel! Hilo gari utamwonyesha nini?"

"Kusikia anasikia," akasema. Akatoka.

Nikamfuata. Tulipoinua mlango wa gereji, harufu iliyotoka! Kama gunia la viazi vilivyooza. Godoro letu zuri lilikuwa limekunywa unyevu wa miaka yote hiyo, limevimba, limeota weusi, na panya wamejenga humo mtaa mzima. Mablanketi yalishikana na sakafu, na Fanuel alipoyavuta sakafu nayo ikaja vipande vipande, kutu tupu, tukaona sementi chini. Koti la Mama lilikuwa limebaki ukosi na vifungo. Fanuel alilishika, akaanza kulikunja upya.

Bhanu alikuja na chai yake, akachungulia. "Nyinyi watu," akasema. "Gari linataka hewa. Mngeliacha tupu miaka hii yote lingekuwa nusu zima. Mmelijaza nguo mkafunga milango, mmelipika." Kisha akamwangalia Fanuel vizuri, akampa ile chai.

Nikadhani yameisha. Wapi! Fanuel alitupa godoro na mafurushi, akavua koti lake akaanza kazi.

Na kitu cha kwanza alichotengeneza, mnajua ni nini? Si breki. Si injini. Honi! Alifungua waya, akasugua, akaunganisha na betri ya kuazima, gari lisilo na sakafu likapiga honi Kingsbury nzima ikageuka. Alirudi nyumbani anatabasamu. Mimi nikamwekea chakula bila kusema neno, na mtu anayenijua anajua nikinyamaza ni hatari.

Mwezi ukaisha. Petroli ya zamani ndani ya tangi ilikuwa imegeuka kama vanishi, inanata, inanuka rangi ya kuta. Akashusha tangi, akaliosha, likavuja. Akaliziba. Kabureta akaifungua juu ya meza yetu ya kulia, mimi nikala nimeshika sahani mapajani kama niko matangani. Pistoni zilikuwa zimeshika, hazigeuki. Akamimina oili kwenye matundu ya plagi, akangoja wiki nzima, akaweka spana ndefu akasukuma, hakuna. Akamimina tena. "Haraka haraka haina baraka," akaniambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" nikamjibu. "Tumbo langu limeumia, Fanuel. La mama yako je?"

Breki zote zilikuwa zimekwama. Akaagiza vipuri Marekani, vikakawia, vilipofika vikawa vya gari la mwaka mwingine. Akaagiza tena. Maureen, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu hajibu, akainua macho kwenye vitabu vyake akasema, "Mum, it's just a car." Nikamwambia, laiti lingekuwa gari tu. Huyu mtoto hajawahi kumwona nyanya yake hata siku moja.

Miezi ikawa mitano. Kila Jumapili baada ya ibada Fanuel anapiga simu nyumbani. Sauti yake inakuwa ya upole, ya mtoto. "Niko njiani, Mama. Bado kidogo tu, niko njiani." Kisha anavaa ovaroli anakwenda Kingsbury.

Siku moja ya Jumamosi Victor akanipigia mimi, si yeye. Nilikuwa Stanmore natoka kazini, nimesimama stesheni. Akasema, "Shemeji, nakuomba umwambie kaka aache kumwambia Mama yuko njiani."

"Kwa nini?"

"Mama anaamini. Kila siku baada ya chakula cha mchana anasema tumtolee kigoda, anakaa ameelekea barabarani. Haoni, anasikiliza. Gari likipiga honi, anasimama. Juzi lori la majani chai lilipiga honi pale darajani, akasimama kwa haraka, akaanguka. Hakuvunjika, lakini ameumia nyonga. Leo ametaka kigoda tena."

Wee! Treni ilipofika Kingsbury niliteremka bila kujua nateremka. Nilitembea barabara ile na yunifomu yangu ya kazi, watu wakinipisha, nikiongea peke yangu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yote. Nilitaka kumwambia Fanuel kwamba leo ni mimi au Mustang, nilitaka kuokota spana nivunje kioo, haki ya Mungu nilitaka.

Nikaingia uani nyuma ya duka, nikawakuta wameinama juu ya injini, Fanuel na Bhanu. Bhanu alikuwa anamimina petroli kidogo kidogo mdomoni mwa kabureta. "Piga sasa!" akasema. Fanuel akaruka kitini akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likapiga kelele kama risasi, likatoa moshi mweusi. Likakohoa tena. Na kabla sijafungua mdomo, likawaka.

Nawaambia ukweli, spana na kioo nilivisahau. Sauti ilikuwa ileile ya zamani, kifua kilitetemeka. Bhanu akatupa kofia yake juu. Fanuel alikuwa analia waziwazi nyuma ya usukani, machozi na oili usoni. Akaniona. "Serah! Limewaka! Umeona? Limewaka!"

Nikasema, "Fanuel, Victor amenipigia."

Hakusikia, injini inaunguruma. Alikuwa ameshatoa simu yake, anabonyeza namba. "Mpe Mama," akapiga kelele. "Victor, mpe Mama, mwekee sikioni!" Nikamwambia usifanye hivyo. Nikamshika mkono kupitia dirishani. Akautoa mkono wangu polepole, akanyoosha simu mbele ya gari, na kwa mkono mwingine akapiga honi.

Alipiga ndefu. Alipiga honi ya miaka yote ile. Kisha akarudisha simu sikioni, akabonyeza kitufe ili wote tusikie.

Kwanza tulisikia kilio cha furaha, kile kigelegele cha bibi kizee asiye na pumzi. "Ni yeye! Fanuel yuko darajani!" Alisema kwa Kimaragoli, mimi nawaambia kwa Kiswahili. Halafu sauti ya Victor, "Mama, kaa chini, Mama, si hapa, ni simu." Halafu kigoda kikaanguka. Tukasikia kuku wakitawanyika, na fimbo ikigonga chini, na Victor akimfuata na simu mkononi akimsihi. Mama alikuwa anakwenda barabarani kumpokea mwanawe, na nyonga yake hiyo. Kila hatua tuliisikia.

Fimbo ikanyamaza. Akawa amefika. Akangoja. Sisi nasi tukangoja, sijui tulikuwa tunangoja nini.

Ndipo Victor alipompa simu, nadhani hakujua la kufanya. Sauti ya Mama ikaja karibu kabisa.

"Fanuel," akasema, "gari nimelisikia. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Fanuel alitazama usukani ule wa upande usiofaa, akatazama mikono yake. Injini bado inaunguruma, haikohoi tena, imechangamka. Miezi mitano ametafuta sauti hiyo. Akanyoosha mkono akazima ufunguo.

"Niko London, Mama," akasema. "Sijaondoka."

Kisha Mama akasema, "Haya," na Victor akachukua simu.

Mimi na maneno yangu yote niliyoyapanga kutoka stesheni, hata moja sikulitoa. Aliyesema ni Bhanu. Alikuwa ameinama kuokota kofia yake, akaikung'uta. "Mimi mama yangu alikufa Kisumu, wakamchoma kwa desturi yetu, mimi nikiwa hapa nahesabu magunia ya mchele," akasema. "Kata tiketi, mjinga wewe."

Jumatatu Fanuel akakata tiketi. Nilitaka kutafuta koti jingine la buluu, akaniambia acha, Serah, nikianza kutafuta nitakawia tena. Watu wa kanisa walisikia anasafiri, wakaanza kuja na mafurushi, na nilisimama mlangoni mimi mwenyewe nikawarudisha mmoja mmoja. Bhanu alimpeleka uwanja wa ndege na gari la duka. Fanuel alishika mfuko mmoja wa begani, mwepesi, na alikuwa anautazama kwa aibu kama mtu aliyesahau suruali. Mustang tuliiacha uani imefunguliwa milango yote, ipigwe upepo.

Kesho yake mchana nilikuwa Stanmore, namnywesha bibi mmoja uji. Simu ikalia. Nikaomba radhi nikapokea haraka, kwa sababu nyonga ya mzee si mchezo na safari ni ndefu.

"Umefika?" nikauliza. "Umemkuta?"

"Serah, nitakupigia baadaye," Fanuel akasema. "Victor ndiye amenishikia simu hapa. Mama amenishika mikono yote miwili, hataki kuiachia. Hata chai niliyowekewa siwezi kunywa."

Nikamwambia, "Basi iache ipoe."